Usikaze fimbo ya turbo kabla hujajua hewa inavujia wapi

*Mshauri wa Magari, niko Madizini, Turiani. Nina Subaru Forester ya turbo, injini ya lita 2, niliyoinunua ikiwa imeshatumika Japani. Zamani nikikanyaga mafuta ilikuwa inachomoka. Siku hizi nikitaka kulipita trekta la miwa inajivuta, nyuma inatoa moshi mweusi, na chini ya boneti nasikia sauti ya "shiii". Mafuta nayo yanaisha haraka. Fundi wetu anasema turbo imechoka: akiikaza ile fimbo ya pembeni mizunguko michache, nguvu itarudi na kuzidi ya mwanzo. Spana ninazo na uwanja wa kufanyia kazi nyumbani upo. Tuikaze?*

*Kijana wa Madizini*

Msiikaze, mdogo wangu. Dalili ulizotaja karibu zote zinaelekeza kwenye hewa inayovuja, na fimbo haizibi tundu. Mkiikaza sasa, turbo italazimika kuzunguka zaidi ili kufidia hewa inayopotea. Halafu siku bomba la mpira linalovuja litakapobadilishwa, shinikizo litapanda ghafla kupita kiwango ambacho injini ilitengenezewa. Hapo ndipo watu huanza kutafuta injini nyingine.

Nikueleze inavyofanya kazi ili uweze kuzungumza na fundi wako. Moshi wa egzosi huzungusha gurudumu dogo ndani ya turbo, na shafti yake inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Upande wa pili wa shafti kuna gurudumu jingine linalosukuma hewa kuingia kwenye injini. Ile fimbo hufungua kijilango kinachopitisha moshi wa ziada kando, turbo isizidishe shinikizo. Kuikaza ni kukichelewesha kijilango kisifunguke kwa wakati wake.

Sasa angalia moshi wako mweusi. Hewa hupimwa na sensa iliyo karibu na filta, kabla haijafika kwenye turbo, na kompyuta ya gari hutoa petroli kulingana na kipimo hicho. Mpira ulio kati ya turbo na injini ukipasuka, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka nje, lakini petroli yake inaingia vilevile. Injini inapata mafuta mengi na hewa pungufu: nguvu zinashuka, moshi unakuwa mweusi, tangi linakauka, na pale penye tundu panalia "shiii". Barua yako imetaja yote manne.

Uchunguzi huu unaweza kuufanya nyumbani injini ikiwa imepoa. Fungua boneti ufuate mabomba kuanzia filta hadi kwenye turbo, kisha hadi kwenye kipoza hewa, lile boksi la alumini lililokaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Angalia kila klipu na kila kiungo. Hewa ya turbo hubeba ukungu kidogo wa oili, hivyo mahali panapovuja mara nyingi pana alama nyeusi yenye utelezi, na vumbi limegandia hapo. Kunja mpira kwa mkono, maana ufa mwingi huwa upande wa chini na hauonekani mpaka mpira ukunjwe.

Usipoona kitu, pima kwa upepo. Kupaka sabuni kwenye viungo injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta hakutakusaidia, kwa sababu wakati huo turbo haijajaza shinikizo. Ziba mdomo wa bomba linaloingia kwenye turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, kisha mwombe mziba pancha aweke upepo kidogo kidogo, usizidi PSI 7 kwenye geji yake. Kumbuka tairi lako hujazwa karibu 30, kwa hiyo 7 ni kidogo sana na inatosha. Paka povu la sabuni kwenye viungo. Panapotoa mapovu ndipo penye ugonjwa wako.

Ukishaziba, endelea na haya. Filta ya hewa ibadilishwe. Huko kwenu msimu wa kuvuna miwa, vumbi na majivu ya mashamba yanayochomwa huijaza upesi kuliko kitabu cha gari kinavyodhani. Pima oili asubuhi gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Injini hizi za turbo hula oili, na ikishuka, beringi za krenki ndizo huanza kuumia. Mwulize fundi pia kuhusu bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kwenye baadhi ya Subaru ndani yake mna kichujio kidogo sana ambacho huziba bila mtu kujua, na turbo hufa kwa kiu ya oili. Mwisho, plagi zitolewe zikaangaliwe. Kwenye injini hii zimelala pembeni na nafasi ni finyu, kwa hiyo msiharakishe, msije mkaharibu uzi.

Usalama wako nao ni sehemu ya kazi. Gari likiinuliwa kwa jeki, liwekewe stendi imara kabla mtu hajaingia chini. Kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa moto. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani egzosi inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua.

Najua bado moyoni unataka nguvu ya ziada. Subaru ilijipatia jina Afrika Mashariki kwa sababu za kweli: dereva Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Lakini kanuni za mashindano yale ziliilazimisha turbo ivute hewa kupitia tundu la milimita 34 tu, na nyuma ya kila gari kulikuwa na mafundi wa kufungua na kufunga upya baada ya kazi. Gari lako linabeba familia na mchele, na linatakiwa liwake tena Jumatatu.

Adui mkubwa wa shinikizo la ziada ni injini kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Kugonga huko huvunja zile kuta nyembamba zinazoshikilia ringi za pistoni. Turbo hizi za Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani inayokaribia 100. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Ile ya kwenye chupa pembeni mwa barabara ni hatari zaidi, maana ikichanganywa na mafuta ya taa oktani yake hushuka mno. Uchakachuaji huo ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waanze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Ongeza na joto: ukitambaa nyuma ya tela la miwa, kile kipoza hewa kilichokaa juu ya injini hupata moto badala ya upepo. Ukikanyaga ghafla ili upite, hewa ya moto ndiyo inayoingia kwanza, na hapo hata shinikizo la kiwandani lina kazi ya kutosha.

Kwa hiyo kuongeza nguvu si kazi ya uwanjani kwako. Ukitaka kweli, mtafute mtu mwenye vifaa umuulize maswali matatu kabla ya kutoa hela. Je, atapima kompresheni ya kila silinda kwanza? Ana kipimo cha uwiano wa hewa na petroli cha kufungwa kwenye egzosi, kinachosomeka gari likiwa kwenye mzigo? Atairekebisha kompyuta ya gari kwa petroli ninayonunua hapa? Jibu la "hapana" hata kwa swali moja linatosha kukurudisha nyumbani. Mtu akikwambia mtajaribu barabarani kati ya Magole na Turiani, kataa. Barabara ile ina baiskeli, bodaboda na watoto wa shule, na kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukibadilisha kitu, iarifu pia kampuni ya bima yako, usije ukakosa fidia siku unapoihitaji.

Fundi wako usimgombeze. Mwambie utamlipa fedha ileile aliyotaka ya kukaza fimbo, ila akupimie uvujaji wa hewa. Mkimaliza, jazeni petroli ya kituo kinachoaminika, uendeshe wiki nzima kama kawaida, na uandike kilomita na lita. Moshi ukiisha na matumizi ya mafuta yakirudi yalivyokuwa, nguvu uliyokuwa unaitafuta itakuwa imesharudi. Usipoona mabadiliko, niandikie tena na unitajie rangi ya plagi na kompresheni ya kila silinda, tuanzie hapo.