Dhoruba ikivunja madirisha, jeraha la kioo lisikuhadae

Mvua ya upepo inapopiga usiku kucha jijini, huwa najua kabla sijafungua mlango wa kliniki ni wagonjwa gani nitakaowakuta kwenye benchi. Kutakuwa na mama aliyefunga kidole kwa leso, na kijana anayechechemea huku soksi imelowa damu. Ukiwauliza, wengi watakuambia kwamba dhoruba yenyewe haikuwagusa. Waliumia baadaye. Mmoja alishuka kitandani miguu mitupu gizani akaenda kufunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limevunjika. Mwingine aliinama kuokota vipande kwa vidole. Wa tatu alijaribu kung'oa kwa mkono kipande kilichobakia kwenye fremu.

Nchi yetu hupata mvua kubwa mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Masika ya mwaka 2024 yaliua zaidi ya watu 200, wengi wao kwa mafuriko, na mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo wakazi wa Pwani walionywa kuhusu upepo wa Kimbunga Hidaya. Ukilinganisha na misiba hiyo, kioo cha dirisha ni jambo dogo. Hata hivyo nimewaona watu waliopoteza nguvu za mkono kwa sababu ya jambo hilo dogo, na ndiyo maana nimeamua kulizungumzia leo.

Kioo cha madirisha mengi ya nyumba zetu za kupanga ni kile cha kawaida, chenye unene wa milimita 3 au 4. Si kama kioo cha mlango wa gari, ambacho hupasuka kikawa punje punje. Hiki cha nyumba huvunjika vipande virefu vyenye ncha, na makali yake hukata ngozi, nyama na kano kwa urahisi sana hata mtu asihisi maumivu mengi papo hapo. Hapo ndipo udanganyifu wake ulipo. Jeraha la panga hutisha macho. Jeraha la kioo linaweza kuwa na mdomo wa sentimita moja tu, lakini chini yake limezama mbali.

Upepo ukiwa ungali unavuma, usiende dirishani. Vuta mapazia, maana pazia lililofungwa huzuia vipande vingi visiruke chumbani. Sogeza vitanda vya watoto mbali, au mhamie katika ujia usio na dirisha hadi upepo utulie. Maji yakiingia ndani, zima swichi kuu ya umeme, mradi unaweza kuifikia bila ya kukanyaga maji. Na kila msimu wa mvua huwaambia wagonjwa wangu waweke viatu na tochi chini ya kitanda cha kila mtu, watoto wakiwemo. Ushauri huu haugharimu hata senti moja, na lau ungefuatwa, nusu ya lile benchi langu lingekuwa tupu.

Kuondoa vipande

Subiri kuche. Watoto na paka wafungiwe chumba kingine. Vaa suruali ndefu na viatu vya soli ngumu. Ndara hazitoshi kwani kipande kirefu huzipenya. Mikononi vaa glavu nene za ngozi, kama zile za mafundi wa kuchomelea vyuma. Zile nyembamba za mpira tunazotumia hospitalini hazizuii kioo hata kidogo. Nami nina ombi kwa wenye nyumba: usimwachie yaya kazi hii na mikono mitupu huku wewe ukikimbilia matatu. Nimewashona mayaya wengi mno.

Vipande vilivyobakia kwenye fremu vibandike kwanza kwa gundi ya karatasi au selotepu pana, kisha uvigonge polepole. Anza na vile vya juu. Ukianza na vya chini, vya juu vitakuangukia mikononi. Ikiwa unaishi orofani, usivisukume nje, kwa kuwa kuna mtu anapita chini.

Ukishafagia, chukua gazeti kuukuu (hata hili, ukishalisoma), lilowesha maji na ulikandamize sakafuni pole pole. Litashika chembe zilizoshinda ufagio. Jioni zima taa, laza tochi chini kabisa sakafuni na umulike chumba chote. Chembe zitametameta. Gazeti na kitambaa ulichotumia vitupwe, visifuliwe. Chakula na maji yaliyokuwa wazi karibu na dirisha pia vitupwe, hata kama huoni kitu ndani yake. Kisha vipande vyote vitie ndani ya kartoni, uifunge vizuri na kuandika VIOO kwa herufi kubwa. Ukivitia katika mfuko wa plastiki pamoja na maganda ya ndizi, utamkata mzoa taka asiye na hatia.

Mtu akikatwa

Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa muda wa dakika 10 bila ya kuchungulia. Wengi wetu hushindwa hapo. Kila dakika moja tunafunua kutazama kama damu imekoma, na kila tukifunua tunaondoa donge la damu lililokuwa likijaribu kuziba mshipa. Inua mkono au mguu juu kuliko kifua. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na ukandamize zaidi. Damu ikiruka kwa mapigo, au ikikataa kukoma licha ya kukandamizwa kwa nguvu, funga kitambaa kipana juu ya jeraha upande wa moyo, andika saa uliyofunga, na umkimbize mgonjwa hospitali. Usifunge kwa waya wala uzi mwembamba.

Kipande kikubwa kilichozama usikichomoe. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie vitambaa pande zote ili kisitikisike, na uje nacho vivyo hivyo.

Jeraha dogo lioshe kwa maji safi yanayotiririka ya mfereji, kwa dakika kadhaa, pamoja na sabuni kandokando. Mafuta ya taa, majani ya chai, kahawa, dawa ya meno, masizi: vyote hivyo nimewahi kuvikuta ndani ya majeraha, na vyote ilinibidi nivisugue nitoe kabla ya kushona, mgonjwa akilia. Spiriti nayo huua chembe hai za nyama unazozitegemea kuponya jeraha.

Sasa niruhusu nikusimulie kosa langu mwenyewe. Nikiwa daktari mchanga katika mwaka wa mafunzo, niliwahi kumhudumia fundi cherehani aliyekatwa na kioo cha dirisha kwenye kiganja, chini kidogo ya kidole cha shahada. Jeraha halikuzidi sentimita mbili. Nililiosha, nikalishona nyuzi tatu, nikaridhika na kazi yangu. Sikumwomba akunje ncha ya kidole. Aliporudi baada ya wiki tano, kovu lilikuwa zuri ajabu, lakini kidole kilikuwa kimenyooka kama kalamu. Kano ilikuwa imekatika siku ile ile, na ncha zake zilikuwa zimejivuta mbali ndani ya kiganja. Kano hutengenezwa vyema katika siku za mwanzo. Baada ya majuma kadhaa kazi huwa ngumu. Alifanyiwa operesheni, na kidole kikapata kukunja kidogo, lakini mkasi haukumkaa tena mkononi kama zamani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu ikiwa ningeliweza kujua mapema, nami nikamwambia ndiyo.

Kwa hivyo, jifanyie mtihani huu nyumbani, na umkumbushe daktari akisahau. Kunja ncha ya kila kidole, kimoja kimoja, kisha ukinyooshe. Halafu fumba macho, mtu akuguse kwa kipande cha pamba pande zote mbili za kidole. Kidole kikishindwa kukunja au kunyooka, au upande mmoja ukiwa na ganzi, kano au neva imekatika, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la kifungo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Majeraha mengi hushonwa vyema yakifika ndani ya muda wa saa 6 hadi 12.

Vile vile, ukihisi kitu kinachoma ndani kila unapokanyaga au kushika, usikubali kuambiwa ni maumivu ya kawaida. Watu wengi huamini kwamba kioo hakionekani katika eksirei. Si kweli. Takriban kila aina ya kioo huonekana, mradi kipande kisiwe kidogo mno, kiasi cha kupungua milimita mbili hivi. Omba upigwe picha.

Pepopunda

Viini vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama kwa miaka mingi, wala havijali jua wala ukame. Dhoruba huvichanganya na matope na kuvirusha juu ya kila kipande cha kioo. Vikiingia katika jeraha lenye kina, ambalo hewa hailifikii, hutoa sumu inayoshambulia neva. Dalili huanza baada ya siku 3 hadi 21, wakati jeraha lenyewe pengine limekwisha kupona. Taya huwa gumu, kumeza kunakuwa shida, shingo na mgongo hukakamaa, na mwili mzima hushikwa na mikazo ambayo hata kelele au mwanga huianzisha. Wengi hufa hata wakilazwa.

Kina mama wengi wana kinga kwa sababu hudungwa sindano hii wanapokuwa wajawazito, na watoto huipata wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Wanaotutia wasiwasi ni wanaume wazima. Ninapowauliza lini walichanjwa mara ya mwisho, hutabasamu na kutaja shule ya msingi. Ikiwa jeraha lako ni chafu na miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho, chanjwa tena. Kwa jeraha safi na dogo, miaka 10. Ambaye hakuwahi kuchanjwa kabisa, au hakumbuki, anahitaji sindano tatu: ya kwanza sasa, ya pili baada ya wiki 4, na ya tatu baada ya miezi 6 hadi mwaka. Huenda pia akapewa sindano nyingine ya kinga ya haraka ikiwa jeraha ni baya. Vidonge vya kuua viini unavyojinunulia katika duka la dawa havichukui nafasi ya chanjo. Na aliyewahi kuugua pepopunda akapona bado anaihitaji, kwani ugonjwa wenyewe hauachi kinga.

Jicho nalo nitalitaja kwa ufupi. Vumbi la kioo lioshwe kwa maji safi mengi, na lisisuguliwe. Lakini jicho likiwa limechomwa, usilioshe wala kulikandamiza. Lifunike kwa kikombe cha karatasi kisicholigusa, mgonjwa atulie, na apelekwe hospitali yenye daktari wa macho.

Baada ya kuziba dirisha

Fundi wa vioo huwa adimu baada ya dhoruba, kwa hivyo utaziba kwa karatasi ya nailoni au mbao nyembamba. Hakuna ubaya, na utazuia mbu pia. Wakazi wa Mombasa na Kisumu walale ndani ya chandarua. Hatari ni pale umeme unapokuwa umekatika, baridi ni kali, na mtu anaingiza jiko la makaa katika chumba alichokwisha kukiziba kila upande. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Familia hulala salama na haiamki. Jiko lisiingie ndani hata kwa nusu saa, na kila chumba kilichozibwa kiachwe na tundu la kupitisha hewa.

Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakahisi kizunguzungu na kichefuchefu na miguu kuwa mizito, usidhani ni malaria wala chakula. Watoe watu nje kwanza, kisha utoe jiko, na muende hospitali usiku huo huo.