Waldmeister: Pima Kabla ya Kuloweka

Kijitabu cha elimu kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ujerumani

Kila majira ya kuchipua watu hutuletea maswali kuhusu Waldmeister, na sasa yanakuja pamoja na malalamiko. Mtu kaalikwa kwa jirani, kanywa Maibowle, kinywaji kinacholowekwa Waldmeister, iliyotengenezwa nyumbani, na kichwa kimemuuma hadi asubuhi. Wengine wamechuma wenyewe msituni na kujaza jagi. Tunajua kwamba karatasi za ofisi zimewachosha wengi. Kijitabu hiki tumekiandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, tena kwa fahari, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Waldmeister ni mmea mdogo wa porini, wa ukoo mmoja na mbuni unaotupa kahawa. Huota kivulini katika misitu ya Ulaya, hasa chini ya miti ambayo Wajerumani huiita Buche, na kwa kawaida haupiti kimo cha sentimita 30. Bua lake ni laini na lina pembe nne. Majani membamba yenye ncha hukaa 6 hadi 9 pamoja, yakilizunguka bua kwenye kila kifundo. Maua ni meupe, madogo, yenye petali 4, na huchanua kuanzia Aprili au Mei.

Jamaa zake wawili huwapotosha wachumaji. Kletten-Labkraut hunata kwenye nguo na ngozi. Wald-Labkraut bua lake ni la mviringo, na huweza kurefuka karibu mita moja. Ukiwa na shaka, chuma kitawi kimoja na ukiache kinyauke. Waldmeister ukinyauka hutoa harufu tamu inayokaribia vanila, ambayo ukiwa mbichi haisikiki sana. Usiponusa harufu hiyo, tupa.

Harufu hiyo ndiyo hatari yenyewe. Hutokana na kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na kwa baadhi ya watu huumiza ini. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, iliyoko Berlin, inashauri gramu 3 za majani mabichi kwa lita moja ya kinywaji, zisizidi. Gramu 3 ni vitawi vichache tu. Msipime kwa konzi wala kwa macho. Tumieni mizani ya jikoni. Chuma kabla maua hayajachanua, nyausha, funga kwa uzi, ning'iniza ndani ya kinywaji kwa nusu saa, kisha toa. Kulaza majani ndani ya jagi usiku kucha ni marufuku nyumbani kwako.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mapishi vya Wajerumani havina sababu ya kulitaja, nasi hatuwezi kulinyamazia: chai yetu. Mdalasini wa bei nafuu unaouzwa madukani hapa aghalabu ni kasia, nao una kumarini nyingi. Kiwango salama cha kila siku ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Anayekunywa chai ya mdalasini wa kasia asubuhi na jioni, na kula pilau yenye mdalasini huohuo, huenda amekwisha kukaribia kiwango hicho kabla hajaigusa Maibowle.

Watoto wasipewe. Mwaka 1974 Ujerumani ilizuia mmea huu usitumike katika peremende na soda zinazouzwa. Zile za kijani zenye jina hilo hutiwa ladha ya kiwandani. Wajawazito, wagonjwa wa ini na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande wasionje kabisa.

Onyo kuhusu kukausha: ning'iniza vitawi mahali penye hewa, na vikiota ukungu, tupa vyote. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa majani makavu yenye ukungu ya mmea mwingine wenye kumarini. Ukungu ulikuwa umeigeuza kumarini kuwa dikumaroli, ambayo maabara ya Karl Paul Link huko Wisconsin iliitambua mwaka 1940. Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa warfarini, sumu ya panya na dawa ya damu.

Kupanda ni rahisi, na ndiko tunakokupendekeza, maana utajua ulichopanda. Mbegu huhitaji baridi ya miezi kadhaa kabla ya kuota, kwa hiyo zipandwe vuli. Afadhali umwombe jirani kipande cha mizizi, ukipande kivulini kwenye udongo wenye mboji, usiokauka. Utatambaa chini kwa chini, basi uwekee mpaka au uupande kwenye chungu.

Kuchuma porini kunaruhusiwa kwa kiasi kidogo cha matumizi binafsi. Hifadhi za asili zina masharti yake, na biashara huhitaji kibali.

Mtu akizidiwa, pigeni 112, na mpelekeni daktari pamoja na kitawi cha mmea wenyewe na kinywaji kilichobaki. Mtajieni dawa zote anazotumia mgonjwa, na mdalasini pia.