Hita Inayopuliza Baridi: Somo la Gereji na Lugha Yake

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika gari, mojawapo ya mawingu hayo ni hita inayopuliza hewa baridi. Dereva wa Mombasa au Garissa huenda asiitambue kasoro hii mwaka mzima, kwa kuwa hana haja na joto la ziada. Hali ni tofauti kwa dereva anayeteremka kutoka Kinangop alfajiri ya mwezi wa Julai akiwa amebeba kabichi. Pumzi yake na ya utingo wake hutua kwenye kioo cha mbele na kuwa ukungu. Akikosa hewa ya moto ya kuukausha, hulazimika kupangusa kioo kwa kitambaa huku mkono mmoja tu ukishika usukani. Kwake yeye, hita si anasa. Isitoshe, hita iliyopoa yaweza kuwa onyo la kwanza kwamba injini inapoteza maji.

Makala haya yananuia kueleza namna hita inavyofanya kazi, hatua za kuitafuta kasoro yake, na nafasi ya Kiswahili katika kumfunza mwanagenzi wa ufundi huu.

Joto Hutoka Wapi?

Injini ya petroli au dizeli haiwezi kugeuza nishati yote ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa huwa joto, ambalo hutoka kwa njia ya ekzosi na kwa njia ya maji. Pampu huyasukuma maji yakazunguka silinda na kulibeba joto hilo. Kwenye njia ya kuelekea rejeta kuna themostati, yaani vali ndogo yenye nta ndani yake. Nta ikipata joto hutanuka na kuifungua vali. Themostati nyingi huanza kufunguka maji yanapofikia kati ya nyuzi 82 na 92 za selsiasi. Kabla ya hapo, maji huzuiwa yasifike kwenye rejeta ili injini ipate joto upesi.

Hita nayo ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Mipira miwili hupenya ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria: mmoja huleta maji ya moto na mwingine huyarejesha. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo ndogo. Katika magari mengi, kilango kinachoongozwa kutoka kwenye dashibodi huamua ni hewa kiasi gani itakayopita humo na ni kiasi gani itakayoikwepa.

Kutokana na maelezo haya, ni dhahiri kwamba hita huhitaji mambo manne: maji yawepo ya kutosha, yawe moto, yazunguke, na hewa ielekezwe mahali pake. Ikiwa feni inapuliza na hewa ni baridi, basi mojawapo ya mambo hayo limekosekana.

Hatua za Uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kutazama kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Kazi ya kifuniko hicho ni kuhifadhi shinikizo linaloyazuia maji yasichemke mapema. Limuru, iliyo takriban mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Huko Timboroa, palipo na zaidi ya mita 2,700, huchemka mapema zaidi. Anayefungua kifuniko kungali na moto huliondoa shinikizo ghafla, na maji humrukia usoni yakiwa mvuke.

Maji yakipungua, hita aghalabu huwa ya kwanza kuyakosa. Kuongeza maji pekee si tiba. Sharti ijulikane yalikokwenda: pengine mpira umepasuka, pampu inavuja, au rejeta ya hita yenyewe imetoboka na kulowesha zulia la miguuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hapa ni injini nzima.

Hatua ya pili ni kusoma geji ya joto. Ikiwa gari limeendeshwa kwa dakika kumi na tano na mshale ungali chini, kuna uwezekano mkubwa kwamba themostati imekwama ikiwa wazi au iliondolewa.

Hatua ya tatu ni kuigusa kwa uangalifu ile mipira miwili ya hita, mikono ikiwa mbali na feni na mikanda. Yote miwili ikiwa moto, maji hayana hatia. Kasoro iko kwenye kilango, kebo yake au mota yake. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba, au vali ya hita, kwa magari yaliyo nayo, haifunguki. Yote miwili ikiwa baridi ilhali geji inaonyesha joto la kawaida, huenda maji yamepungua, pampu imechoka, au hewa imenaswa njiani.

Hewa iliyonaswa huondolewa kwa kuanza na injini baridi. Gari huegeshwa pua ikiwa imeinuka na breki ya mkono ikiwa imefungwa, hita huwekwa kwenye joto la juu kabisa, kisha injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi na maji kuongezwa taratibu hadi mapovu yakome. Mapovu yasipokoma, huenda gasketi ya hedi imeungua. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au ekzosi ikizidi kutoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, gari halifai kuendeshwa tena kabla ya kutengenezwa.

Rejeta ndogo iliyoziba huweza kusafishwa kwa kupitisha maji safi kinyumenyume, kwa nguvu kidogo ili isipasuke. Hata hivyo, itaziba tena ikiwa gari litaendelea kujazwa maji ya mtoni badala ya kulanti, kwani kutu na chumvi hujijenga ndani yake.

Desturi ya Kuondoa Themostati

Baadhi ya mafundi nchini huitoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba Kenya ni nchi ya joto. Hoja hiyo ina walakini. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na huchakaa mapema. Aidha, katika injini kadhaa, themostati hiyo hiyo huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ikiondolewa, sehemu ya maji hukwepa kupozwa, na gari lililodhaniwa kuokolewa likachemka mlimani.

Suala la Lugha

Mwanagenzi husikia "toa themostati" mara nyingi kuliko anavyosikia sababu. Vitabu vya gari viko kwa Kiingereza au Kijapani, na mwalimu wake ana haraka ya kumaliza kazi. Amri hurithiwa, sababu hupotea. Watetezi wa istilahi sanifu wangependekeza neno kama "kidhibitijoto," nalo lina faida ya kujieleza lenyewe. Hata hivyo, duka la vipuri hulijua neno "themostati." Si lazima moja liue jingine. La kwanza hueleza kazi ya kifaa na la pili hukinunua. Upungufu mkubwa si wa majina. Ni wa maelezo: ni nadra kupata kwa Kiswahili sentensi zinazoanza na "kwa sababu" kuhusu injini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hita baridi ni kasoro inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua, kwa macho na kwa mikono, kabla ya kipuri chochote kununuliwa. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hiyo bila kutetereka. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kwenda gereji na daftari, wayasikilize maneno ya mafundi, na kuwarudishia maelezo yaliyoandikwa. Dereva wa Kinangop anahitaji fundi anayejua kwa nini.