Diskasi na mimea katika tangi moja

SWALI: Naishi Chanzuru, Kilosa. Nina tangi la kioo la lita 250 na nataka kufuga diskasi pamoja na mimea. Maji nachota kisimani. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na maji, samaki baadaye. Asili ya diskasi ni bonde la Amazon, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Kama birika lako linashika ukoko mweupe na sabuni inagoma kutoa povu, maji yako ni magumu. Yachanganye na maji safi ya mvua. Usiwaweke na samaki wa Ziwa Tanganyika, maana hao hupenda maji magumu.

Joto liwe nyuzi 28 hadi 30. Kwa usiku wa Juni na Julai, hita ni lazima. Mimea mingi hushindwa na joto hilo. Chagua anubiasi au valisneria. Anubiasi ifunge kwenye gogo, kwani shina lake likifukiwa huoza.

Washa chujio, tia punje chache za chakula, usubiri wiki nne hadi sita mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Kisha nunua wadogo watano kwa mpigo. Wakiwa wawili, mmoja humwonea mwenzake. Badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki, ukifyonza mabaki kwa mpira.

Umeme ukikatika, tumia pampu ya hewa ya betri. Na ukichoka kufuga, usiwamwage Mto Mkondoa. Mpe mfugaji mwingine.