Sufuria Ile Ile, Kiungo Bora
Kijitabu cha lishe kwa familia



Kijitabu hiki hakikutumi dukani kununua chakula ghali cha maboksi. Kinakurudisha gengeni na jikoni kwako. Ugali, maharage, mchicha, dagaa na uji ni vyakula vyema tulivyorithi. Shida huanza kwa vitu tunavyoviondoa, kama ganda na kiini cha mahindi, na vile tunavyovizidisha: chumvi, sukari na mafuta. Shinikizo la damu na kisukari vimeingia katika nyumba nyingi, na upungufu wa damu bado unawasumbua wajawazito na watoto. Mpishi ana uwezo mkubwa wa kuyapunguza haya, tena kwa sufuria ile ile.

1. UNGA: RUDI KWENYE DONA

Mahindi yakikobolewa hupoteza ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki kwa wingi. Kinachobaki kwenye sembe ni wanga kwa sehemu kubwa. Ugali wa dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na ukisagisha mwenyewe hulipii kukoboa.

Familia iliyozoea sembe ianze kwa kuchanganya kibaba kimoja cha dona na viwili vya sembe, kisha iongeze dona kidogo kidogo. Uji wa ulezi nao ni mzuri kwa watoto, kwani ulezi una kalisi nyingi kuliko mahindi.

Angalizo: Dona husagwa kwa punje nzima, hivyo mahindi yawe safi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa.
- Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo.
- Chambua punje zilizovunda, zilizobunguliwa au kubadilika rangi. Usiwape mifugo.
- Saga unga wa wiki mbili au tatu tu. Kiini kina mafuta, na unga ukikaa huchacha.

2. CHUMVI: HESABU NA ILE USIYOIONA

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo kwenye mkate, soseji na vidonge vya mchuzi. Ukitia kidonge kisha ukaongeza chumvi, umetia chumvi mara mbili.

Ladha itafute kwenye kitunguu saumu, tangawizi, binzari, pilipili manga, majani ya giligilani na ndimu. Chumvi kidogo unayotumia iwe yenye madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko na uitie chakula kikikaribia kuiva, ili madini hayo yasipotee kwa joto. Kopo la chumvi lisikae mezani.

3. MAFUTA NA NAZI

Mkono unaomimina mafuta kutoka kwenye dumu haujui kipimo. Tumia kijiko. Mihogo, ndizi na viazi vichemshe mara nyingi kuliko unavyovikaanga. Mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi usiyarudishe kikaangoni.

Nazi haina haja ya kufukuzwa jikoni, lakini mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha lehemu kwenye damu. Pikia tui jepesi, kisha malizia na tui zito kidogo. Chakula chenye tui hakihitaji mafuta mengine. Siku nyingine unga mchicha kwa karanga zilizosagwa badala ya nazi: utapata pia protini.

4. SUKARI NA VINYWAJI

Soda ya kawaida ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ya gramu 35 au zaidi, karibu vijiko 9 vya chai. Hakuna mama anayeweza kumtilia mtoto vijiko hivyo kwenye kikombe kimoja huku akiangalia. Mpe maji, na tunda zima badala ya juisi yenye sukari.

Kwenye chai, punguza nusu kijiko kila wiki na uongeze mchaichai, iliki au mdalasini. Asali na sukari guru nazo ni sukari, zipimwe vilevile. Chai ya rangi usiinywe pamoja na mlo, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Subiri saa moja.

5. MBOGA NA KITOWEO

Kila mtu mzima anahitaji angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Viazi na mihogo havimo katika hesabu hii.
- Osha mboga kabla ya kukata. Ipike kwa maji kidogo na muda mfupi, wala usimwage maji yake.
- Kisamvu ni tofauti: kitwange na kukichemsha sana, kwa sababu kibichi kina sumu ya asili.
- Kamulia ndimu kwenye maharage na mboga. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma.
- Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na hapo ndipo tunapopata kalisi.
- Viazi lishe vya rangi ya chungwa huupa mwili vitamini A.

MFANO WA SIKU MOJA

Asubuhi: viazi lishe vya kuchemsha, badala ya maandazi, na tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai.
Mchana: ugali wa dona, maharage, matembele na kipande cha papai.
Jioni: wali kiasi, dagaa wa nyanya na ndimu, mchicha wa karanga.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aendelee na dawa zake, na amwone mhudumu wa afya kabla ya kubadili mlo.

ANZA NA KIMOJA

Wiki hii badili kitu kimoja tu: unga, chumvi, mafuta au sukari. Watakaokaa mezani huenda wakalalamika siku za mwanzo, nawe usikate tamaa. Ulimi uliozoea chumvi nyingi huzoea pia kidogo baada ya wiki chache. Na mtoto anayekuzwa kwa ugali wa dona hatakuwa na kazi ya kuuzoea ukubwani.