Karatasi za Nyumbani

Wapendwa wanandoa, katika nyumba nyingi hati ya shamba hulala ndani ya sanduku pamoja na risiti za stima na madaftari ya watoto yaliyokwisha. Siku inapohitajiwa, vyote humwagwa sakafuni na lawama huanza. Ikipotea, ombi la hati nyingine hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, nanyi mtangoje siku 60.

Jumamosi moja ketini pamoja mzichambue. Hati, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa viwekeni katika bahasha moja. Karatasi za kodi zitunzeni miaka 5. Risiti kuukuu chomeni.

Nawe bwana, ufunguo wa kabati usiufiche mfukoni. Ukiugua ghafula, mama watoto atatafuta wapi?