Vipande vya Protini: Gramu 20 za Nini?

Miongoni mwa vitafunio vinavyouzwa siku hizi katika maduka makubwa ya Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine vimo vipande vya protini. Hivi ni unga wa maziwa, soya au kitu kingine chenye protini, uliochanganywa na vitu vya kuutamisha, ukashindiliwa hata ukapata umbo la mche mdogo wa sabuni, kisha ukafungwa katika karatasi ing'aayo. Zamani wateja wake wakubwa walikuwa wanariadha na wanyanyua vyuma. Sasa hununuliwa hata na wanafunzi walioambiwa kwamba vyajenga mwili. Juu ya karatasi huandikwa kwa herufi kubwa "gramu 20 za protini", au namba iliyo karibu na hiyo. Kwa kuwa bei ya kipande kimoja aghalabu yapita bei ya mlo wa mchana, yampasa mnunuzi ajue namba hiyo hupatikanaje.

Ajabu ya kwanza ni kwamba mara nyingi protini yenyewe haipimwi. Kinachopimwa ni naitrojeni. Mwaka 1883 mkemia Johan Kjeldahl, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni njia ambayo hata leo haijaachwa. Chakula huchemshwa katika asidi kali ya salfuriki mpaka naitrojeni yake igeuke kuwa chumvi ya amonia. Kisha huongezwa sodiamu haidroksaidi, amonia ikatoka kwa umbo la gesi, ikanaswa na kupimwa. Kwa kuwa protini kwa wastani ina asilimia 16 ya naitrojeni, uzito wa naitrojeni iliyopatikana huzidishwa kwa 6.25, yaani 100 iliyogawanywa kwa 16, na jibu huitwa protini.

Njia hii ni njema maadamu naitrojeni yote imetoka katika protini. Isipokuwa hivyo, hesabu husema uongo, na uongo huo umekwisha kuua. Mwaka 2008 iligunduliwa nchini China kwamba maziwa yaliyoongezwa maji yalikuwa yakitiwa melamini, kemikali itumikayo kutengenezea sahani za plastiki ngumu, ili kipimo cha naitrojeni kisishuke. Watoto wapatao 300,000 walidhurika, wengi wao wakipata vijiwe katika figo, na 6 walikufa. Mwanafunzi wa kemia aweza kuuona ujanja huo kwa kalamu na karatasi. Molekuli ya melamini ina atomu 3 za kaboni, 6 za haidrojeni na 6 za naitrojeni. Uzito wake ni 126, na katika huo 84 ni naitrojeni, yaani theluthi mbili. Basi gramu 1 ya melamini, ikipimwa kwa njia ya Kjeldahl, yaonekana kuwa gramu 4.17 za protini, hali protini haimo hata chembe.

Hakuna sababu ya kuvidhania vipande vya protini kwamba vina sumu hiyo. Lakini liko jambo jingine, lisilovunja sheria, ambalo mnunuzi hukutana nalo mara kwa mara zaidi: protini yaweza kuwamo kweli, tena nyingi, na bado isiufae mwili. Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina 20 ndizo hutumika kuijenga, na 9 kati yake mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Ni lazima zitoke katika chakula. Ikikosekana moja katika hizo 9, nyingine hubaki kama matofali ya fundi aliyeishiwa saruji: hazijengi, bali huchomwa ili kutoa nguvu, na naitrojeni yake hutoka katika mkojo kwa umbo la yurea.

Mfano ulio wazi ni kolajeni, itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama. Viwanda huipenda kwa sababu hulainisha kipande kisiwe kigumu kama jiwe. Ina naitrojeni tele, kwa hiyo gramu zake huhesabiwa juu ya karatasi; lakini haina triptofani, ambayo ni mojawapo ya zile 9. Kwa vipande vitokavyo Marekani upo ufunguo mmoja ambao wanunuzi wengi hawautazami. Huko, chakula kikisifiwa kwa protini yake, sheria hutaka pia iandikwe asilimia ya mahitaji ya siku, na asilimia hiyo hurekebishwa kulingana na ubora. Kipimo cha siku ni gramu 50. Gramu 20 za protini ya maziwa zapaswa kutoa asilimia 40 au karibu na hapo. Ikionekana asilimia 15, sehemu kubwa ya zile gramu haifai kujenga mwili. Orodha ya viungo nayo husaidia, kwa kuwa hupangwa kwa uzito: kilicho kingi hutajwa kwanza.

Sasa na kilinganishwe kipande cha gramu 60 na kashata ya karanga yenye uzito uo huo. Ichukuliwe kwamba kipande kina gramu 20 za protini, 8 za mafuta na 22 za kabohidrati. Gramu ya protini au ya kabohidrati hutoa kilokalori 4, na ya mafuta 9. Jumla ni kilokalori 240, na theluthi moja yatoka katika protini. Kashata iliyopikwa kwa karanga gramu 30 na sukari gramu 30 ina protini gramu 7.5 hivi, mafuta 15 na kabohidrati 35. Jumla ni kilokalori 305, na sehemu ya protini ni moja ya kumi tu. Kwa hesabu hii kashata imeshindwa, wala hakuna haja ya kuitetea kwa sababu tu ni ya nyumbani. Tena protini ya karanga ina upungufu wa laisini.

Lakini swali halikuwa kitafunio kipi kina protini nyingi, bali mlaji ahitaji ngapi. Kijana wa kilo 50 huhitaji kama gramu 45 kwa siku. Mahindi makavu gramu 200 na maharage makavu gramu 100, yakipikwa makande, hutoa karibu gramu 40. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Maharage yana laisini nyingi, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini mchanganyo wao hauna kasoro kubwa. Kijana huyo akiongeza yai moja, gramu 6, au kikombe cha maziwa, gramu 8, amekwisha kufika. Gramu 20 zaidi hazitamwongezea misuli kwa kule kuliwa tu.

Kipande cha kiwandani chamfaa asafiriye mbali pasipo chakula, au mwanariadha ambaye mazoezi yake humaliza muda wa kula. Hata hao watazame kama utamu umetokana na maltitoli na jamii zake, ziitwazo alkoholi za sukari. Hazilevi, lakini zikiliwa nyingi hujaza tumbo gesi na kuharisha.

Naye apendaye kashata na apunguze sukari hadi robo ya uzito, na azichague karanga kwa mkono. Karanga zilizopata unyevu huota kuvu watoao aflatoksini, sumu iletayo saratani ya ini. Kukaanga huipunguza lakini hakuimalizi, kwa hiyo zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu hazina budi kutupwa kabla sufuria haijawekwa motoni.